Moto Haujui Udogo

Vitu vingi vikipunguzwa ukubwa huacha kazi yake na kubaki sura. Jahazi lililochongwa na kuwekwa juu ya kabati halibebi shehena, na nyumba ya kadibodi ya msanifu majengo haimkingi mtu na mvua. Tunavitazama, tunavisifu, na tunajua kwamba kazi imebaki kwa vile vikubwa vilivyoigwa. Injini ndogo ya mvuke haimo katika kundi hilo. Hata ile ambayo mtu mmoja aweza kuinyanyua kwa mikono miwili ina moto wa kweli ndani yake, maji ya kweli, na mvuke unaosukuma pistoni vilevile ulivyosukuma pistoni za magarimoshi yaliyovuka nchi. Ukiiwasha sawasawa, itakuvuta wewe uliyeiunda. Ukiiwasha vibaya haitasogea, na hakuna neno utakalosema likaisogeza.

Kuna watu, wengi wao Uingereza, na wengine Marekani, Australia, Afrika Kusini na kwingineko, wanaotumia jioni zao na siku zao za mapumziko kuunda injini hizi kwa mikono yao. Hawalipwi. Injini moja huchukua miaka mitano, kumi, pengine zaidi, na ikikamilika haina safari ya kwenda: huzunguka katika njia ya chama chao pembeni mwa bustani ya mji, ikivuta watoto na wazazi wao siku ya Jumapili. Mwenye haraka ataona huo ni upotevu wa umri. Mimi naona humo mojawapo ya shule za adabu zilizosalia. Mtu wa leo aweza kumaliza siku nzima bila kugusa kitu kisichokubali kubembelezwa. Maandishi yanafutwa, picha inarekebishwa, ahadi inaahirishwa. Moto na maji havina mswalie mtume. Anayejifunga kufanya kazi navyo kwa hiari yake amechagua kuambiwa ukweli kila anapoingia karakanani.

Shughuli yenyewe ina umri mkubwa. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha jijini London gazeti la Model Engineer, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha Society of Model and Experimental Engineers. Gazeti lilimlenga mtu mwenye kibanda nyuma ya nyumba, jiliwa, tupa chache na, akijaliwa, mashine ya kerezo ya kukanyaga kwa mguu. Polepole vipimo vya njia vikatulia: inchi 2½, inchi 3½, inchi 5, inchi 7¼. Mtu wa Sheffield aliweza kuipeleka injini yake Bristol akakuta reli zinazoipokea.

Lakini swali kubwa lilibaki halijajibiwa. Je, injini ndogo kabisa, ya njia ya inchi 2½, yaweza kuchoma makaa ya mawe kama mama yake na kumvuta mtu mzima? Wataalamu wa siku zile hawakuliamini jambo hilo. Henry Greenly, mhandisi mwenye sifa, ambaye baadaye alibuni reli ya Romney, Hythe and Dymchurch ya inchi 15 iliyofunguliwa Kent mwaka 1927 na ingali inabeba abiria, alipendelea injini za udogo huo zichome spiriti chini ya bwela jepesi. Kampuni ya W. J. Bassett-Lowke ya Northampton iliuza injini za namna hiyo, nazo zilikwenda vizuri kwa kadiri yake. Ndipo mwaka 1922 akajitokeza katika kurasa za Model Engineer mtu aliyetia sahihi kwa herufi LBSC, herufi za kampuni ya reli ya London, Brighton and South Coast ambako alifanya kazi ujanani. Alisema kwamba jibu ni kujenga bwela dogo kwa mpango uleule wa bwela kubwa: chumba cha moto kilichozungukwa na maji, mirija ya moshi ikipita katikati ya maji hayo, na makaa ya mawe.

Mabishano yakawa makali hata yakapewa jina, Vita vya Mabwela. Ninachokipenda katika kisa hiki ni namna yalivyokwisha. Maneno yangeweza kuendelea miaka, kwa kuwa pande zote mbili zilijua kuandika. Mwaka 1924, katika maonyesho ya wanamodeli London, injini ya LBSC iliyoitwa Ayesha iliwekwa juu ya reli, ikawashwa kwa makaa, ikawavuta watu wazima. Kuanzia hapo hoja ikawa imebadilika. Mtu hakuulizwa tena jambo hilo lawezekana vipi. Aliulizwa ataanza lini. LBSC, ambaye wasomaji walikuja kumjua kwa jina la Curly Lawrence, aliandika makala zake kwa zaidi ya miaka thelathini, akiwaongoza wasiosoma uhandisi hatua kwa hatua, kwa lugha ya fundi aliyesimama begani pako. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliwaundia wanaoanza injini ya magurudumu manne, Tich, ya njia ya inchi 3½, na mpaka leo wapo wanaoanzia hapo. Alifariki mwaka 1967.

Kwa nini wataalamu wale walisita? Hawakuwa wajinga. Waliiona hesabu. Chukua injini ya tani 100 uipunguze mara 16 kila upande, kama wafanyavyo wenye njia ya inchi 3½. Urefu wake unagawanywa kwa 16. Eneo la ngozi yake ya chuma linagawanywa kwa 256. Ujazo na uzito vinagawanywa kwa 4,096, na tani 100 zinabaki kilo 24 na kitu. Maana yake ni kwamba, kwa kila lita ya maji iliyo nayo, injini ndogo ina ngozi mara 16 zaidi ya kuvujishia joto. Na kuna mambo yasiyopungua kabisa. Kwa shinikizo lilelile, maji yanachemka kwa joto lilelile ndani ya sufuria ya mama na ndani ya bwela la tani kumi. Mvuke wa shinikizo la ratili 80 kwa inchi ya mraba una joto la nyuzi 160 na ushee, bwela likiwa kubwa au dogo. Kaa la mawe linadai hewa yake kamili. Ukilipunguza pande la ukubwa wa ngumi mara 16, unapata vumbi la kuziba wavu wa tanuri.

Hivyo anayenakili kila kitu kwa rula atapata injini isiyofanya kazi. Mrija wa moshi wa inchi mbili ukipunguzwa mara 16 unabaki na upana wa milimita 3, nao utajaa majivu kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha. Muundaji mwenye busara huweka mirija michache iliyo mipana kuliko kipimo kinavyotaka. Injini kubwa huwa na mia na zaidi, yake huenda ikawa na ishirini. Tanuri huliongezea kina. Pampu huipa nguvu kupita inavyostahili kwa vipimo. Anaiacha sura kidogo ili aifuate asili. Na hapo ndipo shughuli hii inaponifundisha jambo ambalo sijalikuta limefunzwa vizuri hivi penginepo: kuna uaminifu wa namna mbili, wa sura na wa kazi, na anayetaka vyote viwili hana budi kujua kipi kimtumikie mwenzake.

LBSC alimbuni mhusika katika makala zake, Inspekta Meticulous, mkaguzi anayehesabu ribiti za injini ya mwenzake na kunung'unika akikuta moja imepungua. Nafahamu alichokuwa anakitetea, nami niko upande wake. Lakini pia namwelewa anayehesabu ribiti. Upendo wa kitu huanza kwa kukitazama, na mwenye kutazama kwa makini ataona ribiti. Kosa lake ni kusimama hapo. Anayeiga matunda ya akili ya wahandisi wa zamani bila kuyapitia maswali waliyoyajibu amepata ganda lao tu. Anayebishana na joto, uzito na msuguano kama wao walivyobishana, akapata majibu tofauti kwa sababu injini yake ni tofauti, huyo ndiye aliyewarithi.

Bwela ndilo moyo wa jambo, nalo ndilo linalowaogopesha wengi. Mara nyingi huundwa kwa mabati ya shaba nyekundu. Shaba hupashwa moto mpaka iive wekundu, ikapoa ikawa laini, kisha hugongwa kwa nyundo juu ya kalibu mpaka kingo zake zipinde. Ikishagongwa kidogo hukakamaa, nayo hurudishwa motoni. Halafu huja kazi ya lehemu ya fedha, inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600. Shaba hupitisha joto upesi kuliko karibu metali yoyote; unapopasha upande huu, upande ule unalikimbiza joto hilo na kulitawanya. Mara nyingi hutakiwa mienge miwili na mtu wa pili wa kuishika. Joto likishafika mahali pote kwa usawa, fedha hukimbia yenyewe ndani ya ufa na kuujaza. Joto likikosekana, hubaki vidonge juu ya shaba, na kiungo hakijashika hata kikionekana kizuri. Hakuna ustadi wa kidole utakaolipa deni la joto.

Kisha bwela hupimwa. Wapimaji hulijaza maji, wakatoa hewa yote, wakasukuma kwa pampu ya mkono mpaka shinikizo lifike mara mbili ya lile litakalotumika. Hutumia maji baridi kwa sababu maji karibu hayabanwi kabisa. Kiungo kikiachia, hutoka mchirizi, pasiwe na mlipuko. Kwenye vyama vya Uingereza kazi hii husimamiwa na mkaguzi aliyechaguliwa na wenzake. Bila cheti chake injini haikanyagi reli, hata kama mwenyewe ni mwanachama wa miaka arobaini. Upimaji hurudiwa kwa vipindi maishani mwote mwa bwela. Nimesikia watu wakiuita utaratibu huo usumbufu kwa vitu vya kuchezea. Mdharau mwiba mguu huota tende. Lita chache za maji yaliyofungiwa chini ya shinikizo, yenye joto kupita lile la kuchemka hewani, zikipata upenyo, sehemu yake hugeuka mvuke kufumba na kufumbua, na mvuke huo unaunguza ngozi ya mtu bila kuuliza umetoka kwenye injini ya ukubwa gani.

Siku ya kuendesha huanza polepole. Vipande vya mkaa wa kuni vilivyoloweshwa mafuta ya taa hutiwa tanurini, na feni ndogo huwekwa juu ya dohani kuvuta hewa, kwa sababu injini iliyo baridi haijui bado kupumua. Mkaa ukishika hufuata makaa ya mawe yaliyopasuliwa, kijiko baada ya kijiko. Geji inapoinuka, feni huondolewa na mvuke wenyewe hupewa kazi ya kuvuta hewa. Na injini inapoanza kwenda, mvuke uliomaliza kusukuma pistoni hutupwa kwenda juu kupitia dohani, ukitoka na pumzi ya moto nyuma yake. Hewa mpya huingia chini ya wavu. Kadiri injini inavyovuta mzigo mzito, ndivyo inavyopuliza moto wake kwa nguvu, na ndivyo inavyopata mvuke wa kuvutia. Mpango huu ulijulikana tangu siku za injini za mwanzo kabisa za karne ya 19. Sijaona mpango wa mwanadamu unaonishangaza kuuzidi: kazi yenyewe ndiyo inayoleta nguvu ya kazi, wala hakuna mkono wa mtu katikati.

Anayeendesha injini ndogo ni dereva na mchochea moto kwa wakati mmoja. Ameketi kwenye kigari nyuma yake, mkono mmoja kwenye mvuke, mwingine kwenye sepetu ndogo, macho yakigawanywa kati ya njia, geji na kioo cha maji. Kioo hicho ndicho bwana wake. Maji yakishuka chini ya dari la chumba cha moto, shaba isiyo na maji juu yake itaungua. Injini kubwa ina akiba. Dereva wake huonywa mapema na hupata muda wa kusahihisha. Ndogo haina. Kijiko cha makaa kilichochelewa huonekana kwenye geji karibu mara moja, na maji baridi yakiingizwa mengi kwa pupa huua shinikizo ghafla. Madereva walioendesha za namna zote mbili husema ndogo hudai zaidi, nami nawaamini, maana hesabu ile ya ngozi na ujazo inasema vilevile.

Tangu 1969 kumekuwa na mashindano ya kila mwaka yanayopima ufanisi wa injini hizi, IMLEC. Makaa hupimwa kwa mizani kabla na baada, na nyuma ya injini hufungwa behewa lenye chombo cha kupima kazi iliyofanywa. Mshindi ni aliyegeuza sehemu kubwa zaidi ya joto la makaa yake kuwa kazi ya kuvuta. Hata washindi hupata asilimia chache tu. Joto lililobaki limekwenda hewani. Naona ujasiri katika kujipima namna hiyo hadharani. Mtu ameshatumia miaka ya umri wake, anajua nambari itakayotoka itakuwa ndogo, na bado anaitaka nambari ya kweli.

Na yapo yanayopita umri wa mtu. Injini nyingi hazimalizwi na waliozianza. Mtu hufariki akaacha fremu, magurudumu, silinda zilizokerezwa nusu na michoro yenye alama za vidole. Familia huuza sanduku zima, na mwingine huendelea pale mkono wa kwanza ulipoachia. Anapopima shimo lililotobolewa na marehemu asiyemjua, husoma humo jinsi alivyofikiri: hapa aliogopa, hapa alikuwa na hakika. Elimu hii ni kama ile ya fundi wa jahazi wa Lamu, inayokaa mikononi na machoni zaidi ya kukaa kwenye karatasi. Kitabu hukuambia moto uwe mwembamba au mnene, lakini mlio wa dohani unaokuarifu kwamba sasa hivi ni wakati wa kijiko kingine hufundishwa na mtu. Reli ya taifa ya Uingereza ilimaliza safari za kawaida za mvuke Agosti 1968. Wako vijana waliozaliwa miongo kadhaa baadaye wanaojua kuchochea tanuri, na baadhi yao walijifunza wakiwa na umri wa miaka kumi nyuma ya injini ya babu, bustanini.

Nikifika hapo mawazo yangu hurudi Afrika Mashariki, na sababu ninayo. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Gorton, Manchester, kiliijengea reli yetu injini 34 za daraja la 59, za mtindo wa Garratt: bwela moja kubwa lililoning'inizwa kati ya mitambo miwili, ili jitu la urefu wa zaidi ya mita 30 liweze kupinda kwenye kona za nyanda za juu. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na hazikupata kuwapo injini za mvuke zenye nguvu kuzizidi katika njia ya upana wa mita moja. Zilichoma mafuta mazito. Zilipewa majina ya milima yetu. Mbili zimesalia, Mount Gelai na Mount Shengena, na zote mbili ziko Nairobi, ingawa milima yenyewe iko Tanzania, mmoja karibu na Ziwa Natron, mwingine Upare.

Sasa tazama hesabu. Njia ya mita moja ikigawanywa kwa 8 inakuwa milimita 125, na njia ya inchi 5, mojawapo ya zile zinazotumika zaidi duniani kwa injini ndogo, ni milimita 127. Garratt yetu inaingia humo karibu bila kulazimishwa. Ikipunguzwa mara 8 kila upande, tani 252 zingegawanywa kwa 512 na kubaki karibu nusu tani, urefu wake mita 4 hivi, magurudumu 16 ya kusukuma, nguvu ya kuvuta darasa zima la watoto. Na pa kuanzia papo: kumbukumbu za kiwanda kile zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi na Viwanda huko Manchester.

Kwa kawaida tunaikumbuka reli kwa picha, kwa hotuba na kwa injini zilizopakwa rangi zikasimamishwa mahali pa watalii. Sidharau hata kimoja. Lakini kila nilichokiona katika shughuli hii kinanionyesha kwamba mashine hukumbukwa kikamilifu na yule aliyelazimika kuifanya iende. Jumba la makumbusho litakuonyesha jinsi Garratt ilivyokuwa. Kijana aliyekereza silinda zake nne, akalehemu bwela lake, akaona geji inakataa kupanda na akatafuta sababu mpaka akaipata, huyo anajua kwa nini ilikuwa hivyo, na elimu hiyo ataihamishia kwenye pampu ya kijiji, jenereta ya hospitali au mashine ambayo bado haijabuniwa.

Hii ndiyo kazi ningependa chuo kimoja cha ufundi, Nairobi, Tabora au Tanga, kiichukue: injini moja ya daraja la 59, ya njia ya inchi 5, iundwe na wanafunzi wa miaka inayofuatana, kila kundi likipokea pale lililotangulia lilipofika. Kerezo zipo vyuoni, shaba inanunuliwa, na vijana wenye mikono hodari hatujapata kuwakosa. Ambacho hakitangoja ni kumbukumbu za wazee walioziendesha injini zile kati ya Mombasa na Nairobi. Waalikwe wakati wangalipo, wakae karibu na meza ya kazi, na waruhusiwe kusema hapana.